Maji Yalikuwa Yamejaa: Wakili wa Jinai Ajibu Barua Zenu

Mhariri ameniomba nijibu barua za wasomaji kuhusu kazi yangu. Mimi ni mzaliwa wa Wete, nakaa Mjini Unguja, na kwa miaka 17 nimefanya kesi za jinai peke yake. Sipokei mirathi, talaka wala migogoro ya viwanja, na mawakili wa hapa wanaochagua hivyo ni wachache, kwa sababu viwanja ndivyo vinavyolipa. Barua zilikuwa nyingi. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana swali lake naulizwa hata harusini.

Assalaam alaykum Bi Wakili. Mimi ni mwalimu wa madrasa, Chake Chake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 105, Mtume (S.A.W.) anakatazwa kuwa mtetezi wa wakhaini. Wewe ni Muislamu, na nasikia ni mama wa watoto wa kike. Unamtetea vipi mtu aliyeiba, au aliyemdhalilisha mtoto wa watu, na hali unajua kuwa amefanya? Na pesa yake unaila vipi?

Waalaykumu salaam maalim wangu. Nashukuru umeileta aya hiyo, kwa sababu ndiyo niliyoishikilia mimi tangu nianze kazi. Sababu ya kuteremka kwake unaijua kuliko mimi, lakini wasomaji wengine huenda hawaijui. Wafasiri wanaeleza kuwa Madina iliibiwa deraya, vazi la chuma la vitani. Mwizi alipoona anafuatiliwa, deraya ikapelekwa nyumbani kwa Myahudi mmoja, ikakutwa huko. Jamaa za mwizi wakaenda kwa Mtume kumsafisha mtu wao na kumbebesha yule Myahudi. Kwa macho ya watu kesi ilikuwa imekwisha: mali imekutwa kwake, jamaa hana, na kundi la watu wenye sauti limeshamtaja. Aya zikashuka kumtoa hatiani. Sasa nitazame, maalim, aliyetetewa pale ni nani. Ni mtu aliyekutwa na kidhibiti nyumbani kwake. Huyo ndiye ninayekaa naye mimi kila Jumatatu mpaka Ijumaa.

Hilo la kuwa "najua amefanya" nataka nilijibu kwa kisa, kwa sababu nilishawahi kujua, na nilikuwa nimekosea.

Mwaka wangu wa pili wa kazi nilipewa kesi ya kijana mvuvi wa kaskazini ya Pemba, ameshtakiwa kuiba mashine ya boti ya farasi 15. Alikuwa ameshawahi kufungwa kwa wizi wa karafuu. Kijiji kizima kilisema ni yeye. Mama yake mzazi alinivuta pembeni kwenye ngazi za mahakama, akaninong'oneza: "Mwanangu, muombee wampunguzie tu." Na mimi nilikuwa nimeshaamini. Siku moja kabla ya kusikilizwa nilimshauri akiri kosa. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Basi hata wewe?" Akakataa.

Shahidi mkuu alikuwa mzee mwenye heshima zake, wa safu ya mbele msikitini. Alisema alimuona kijana saa 10 alfajiri, anatoka chini pwani kwa miguu, anakatisha mchangani, mashine iko begani. Mwendesha mashtaka akamuuliza alimtambuaje gizani. Akajibu hapakuwa na giza, mwezi ulikuwa wa kumi na tano, kweupe pee.

Nilikuwa nimeandika maswali kuhusu macho yake na masafa aliyokuwa amesimama. Nikayaacha yote. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtega madema, mitego ya samaki, na mtoto wa mtega madema anajua saa za maji kabla hajajua kusoma. Nikamuuliza: "Mzee wangu, mwezi wa kumi na tano ni maji gani?" Akajibu bila ya kufikiri: "Bamvua." Nikamuuliza: "Na bamvua, saa 10 alfajiri, maji yanakuwa wapi?"

Akanyamaza. Hakimu, naye ni mtu wa Pemba, akaweka kalamu chini akamtazama. Kila aliyekuwemo mle ndani alijua jawabu. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyengine, maji yetu hupwa saa 4 na hujaa saa 10. Mchanga ule aliousema shahidi, saa 10 uko chini ya maji, na mawimbi yanapiga kwenye mikoko. Mwezi ule ule uliompa mwanga wa kumtambua mtu ndio uliojaza maji pale alipomuona akitembea. Sikuleta mtaalamu wala kitabu.

Kijana aliachiwa. Mzee yule hakuwa muongo, na sitaki msomaji amdhanie hivyo. Alinifuata nje, akasema mtu alimuona, ila usiku gani sasa hana hakika, na kwa kuwa jina la kijana lilikuwa limeshatajwa barazani kabla hajahojiwa, uso ukamjia wa yeye. Tangu siku hiyo neno "najua" silitumii kwa mteja wangu wala kwa wa mwenzangu.

Utaniuliza, na yule anayekwambia kwa mdomo wake kuwa amefanya? Wapo. Huyo simuweki kizimbani aape kisha aseme uongo, wala simwambii hakimu jambo ninalolijua kuwa si kweli. Miiko ya kazi inakataza, na mimi mwenyewe nisingeweza. Linalobaki mkononi mwangu ni kuutazama ushahidi wa upande wa mashtaka kama unatosha, maana mzigo wa kuthibitisha ni wao, bila ya kuacha shaka ya maana. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, haimruhusu mtu kufanywa mkosa mpaka ithibitike. Na wewe, maalim, unawasomesha watoto kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai.

Umetaja udhalilishaji wa watoto. Naandika hapa kwa uzito, kwa sababu ni maradhi ya visiwa vyetu na kila mzazi ana khofu. Mwaka 2021 ilianzishwa mahakama maalum ya kesi hizi, na niliifurahia, kwani kesi zilikuwa zikikaa mpaka mtoto anakuwa mtu mzima. Nimeshawatetea watu walioshtakiwa kwa kosa hilo. Mmoja alishtakiwa na mtoto wa jirani yake. Nilipofika zamu yangu ya kumuuliza yule mtoto, nilikaa kwenye kiti ili nisimsimamie kichwani, na nilimuuliza maswali manne tu. Mawili yalihusu mwangaza wa chumba, mawili yalihusu nani aliyemwambia mwanzo. Akajibu yote sawasawa, kwa sauti yake ndogo, bila ya kuyumba. Nikakaa kimya. Mteja wangu alitiwa hatiani. Nilimueleza haki yake ya kukata rufaa, akasema haitaki. Usiku ule nililala, maalim. Hakuna atakayesema kuwa mtu yule hakusikilizwa, na hakuna atakayekuja kuitoboa ile hukumu.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Ni jamaa wa mshtakiwa wanaokuja ofisini kwangu wakitaka niende kwa wazazi wa mtoto na bahasha, tulimalize kifamilia, kwa sababu ni majirani, kwa sababu ya muhali, ile haya ya kumkatalia mtu. Hawa nawafungulia mlango watoke. Kesi hizi nyingi hazivunjwi na mawakili mahakamani. Huvunjika barazani, mama wa mtoto anapoambiwa asiwaaibishe watu, siku ya ushahidi ikafika na shahidi hayupo. Wewe una sauti hapo Chake Chake kuliko niliyo nayo mimi. Wakija kukuomba usuluhishe jambo kama hilo, kataa.

Ama pesa: nalipwa kwa kazi ya kusoma, kusafiri na kusimama. Anayeachiwa na anayefungwa wananilipa sawa, na sipangi bei kwa matokeo.

Wakili, shikamoo. Mimi ni mama wa mjini, Ng'ambo. Mwanangu wa miaka 20 amekamatwa na wenzake wawili, wanasema wamekutwa na unga. Leo siku ya tatu. Nimeambiwa ameshatia saini maelezo. Hawezi kukaa akasoma karatasi mbili, aliacha skuli darasa la sita. Nifanye nini?

Marahaba mama yangu, na pole sana. Barua yako ilinifikia na nimeshakujibu kwa simu, lakini nayaandika hapa kwa ajili ya wazazi wengine.

Siku ya tatu ni nyingi. Mtu aliyekamatwa anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ukiona zimepita, wakili anaweza kwenda kuomba aletwe. Usingoje uambiwe uje. Nenda kituoni, uliza jina la mpelelezi, uliza kosa gani limeandikwa, na andika saa uliyofika. Nawaomba wazazi wote wanunue daftari. Nimeshasaidiwa na daftari la mama mmoja wa Jang'ombe kuliko vitabu vyangu vyote vya sheria.

Maelezo aliyotia saini yanaitwa maelezo ya onyo. Kabla hayajaandikwa anatakiwa aambiwe kuwa halazimiki kusema chochote, na atakachosema kitatumika mahakamani. Ana haki ya kutaka ndugu au wakili awepo. Kama hajui kusoma, asomewe yote kabla hajatia dole. Kutia saini si mwisho wa kesi. Tukipinga kuwa hakuyatoa kwa hiari, hakimu husimamisha kesi kubwa na kusikiliza kwanza kesi ndogo ndani yake, juu ya jambo hilo peke yake: alipigwa, alitishwa, aliahidiwa kuachiwa, au alisema mwenyewe? Na wanaotakiwa kuthibitisha hiari ni upande wa mashtaka.

Lakini nikwambie kweli. Kupinga maelezo yaliyokwishatiwa dole ni kupanda mlima. Niliwahi kuingia kwenye kesi ya kijana kama wako siku ya 11. Alikuwa ameambiwa, "Weka dole hapa uende kwenu ukale." Akaweka. Hakwenda kula kwao. Hatukuwa na alama ya kipigo, hatukuwa na shahidi, tulikuwa na neno lake tu. Maelezo yakapokelewa, akafungwa. Hadi leo nikipita karibu na Kiinua Miguu namkumbuka. (Sisi jela tumeiita Chuo cha Mafunzo, na waliofungwa tunawaita wanafunzi. Mama yake alikuwa akiniuliza kila wiki, "Mwanafunzi wetu hajambo?" na nilikuwa sijui niitikie vipi.) Ningefika siku ya kwanza ningemwambia neno moja tu: nyamaza.

Baada ya maelezo, tazama mzigo wenyewe. Katika kesi za dawa za kulevya ndipo panapofanya kazi wakili, na ni kazi ya kuhesabu, haina maneno makubwa. Ulikutwa mfukoni mwa nani kati ya watu watatu? Nani alishuhudia upekuzi. Sheha, kiongozi wa mtaa, aliitwa kabla ya upekuzi au baada ya kila kitu kumalizika? Paketi zilihesabiwa mbele ya kijana? Bahasha ilifungwa kwa lakiri wapi? Nani alikaa nayo usiku ule, ikafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali siku gani, na uzito aliopima mkemia ni ule ule ulioandikwa kituoni? Kila mkono ulioshika ile bahasha unatakiwa uje useme. Mkono mmoja ukikosekana, mahakama haina uhakika kuwa kilichopimwa ni kile kilichokamatwa. Kijana wako akumbuke hayo yote sasa hivi, kabla kichwa hakijachoka.

Dhamana inategemea kosa litakaloandikwa kwenye hati ya mashtaka. Yapo makosa yaliyofungiwa dhamana kabisa, mauaji na uhaini miongoni mwao. Kama kosa lake lina dhamana, tayarisha mapema wadhamini wawili wenye vitambulisho vya Mzanzibari na barua za sheha wao. Nimewaona vijana wakilala rumande wiki nzima kwa sababu tu barua ya sheha haikupatikana Ijumaa mchana.

Huna uwezo wa wakili, ulinambia kwenye simu. Uliza shehiani kwako kuhusu wasaidizi wa sheria. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 13 ya 2018, kwa ajili ya watu kama wewe. Na kwa kesi ya mauaji Mahakama Kuu, asiyejiweza hupangiwa wakili na gharama ni ya serikali.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima wa Kikwajuni. Nyinyi vijana mnadhani mawakili wamekuwepo siku zote. Waeleze wenzako.

Shikamoo mzee wangu. Nawaeleza, na nitasema kidogo kwa vile wewe uliyaona na mimi niliyasoma.

Katika miaka ya 1970 mpaka kufikia 1985 Zanzibar ilikuwa na Mahakama za Wananchi. Walikaa watu watatu wasiosomea sheria, na wakili hakuruhusiwa kusimama kumsemea mshtakiwa. Hata kesi ya mauaji ya Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, ilisikilizwa kwa utaratibu huo, washtakiwa wakiwa hawana wakili wao. Mtu aliyepelekwa pale alitegemea ulimi wake. Kwa hiyo kazi yangu, kwa umbo lake la sasa hapa kwetu, ni ya umri mdogo kuliko wengi wenu mnaosoma.

Na nikumbushe jengine lililotokea baada ya kurudi mawakili. Wanachama 18 wa chama cha siasa cha CUF, Machano Khamis Ali na wenzake, walishtakiwa uhaini, kosa lisilo na dhamana, baadhi yao wakakaa ndani karibu miaka mitatu. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaamua kuwa uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa dola yenye mamlaka kamili ni Jamhuri ya Muungano. Uamuzi ule una maumivu yake ya kisiasa, na wapo Wazanzibari wa kila upande ambao mpaka leo hawaupendi kwa jinsi unavyoigusa hadhi ya nchi yao. Nawaelewa. Mimi nautazama kama wakili wa utetezi: watu 18 walikuwa mbele ya kosa la kifo, na swali la kwanza, ambalo watu wa kawaida wasingelifikiria, lilikuwa kama kosa lenyewe lipo kisheria. Swali hilo haliulizwi pasipokuwa na mtu aliyesomea kuuliza.

Bi Wakili, nasoma sheria hapa Tunguu, mwaka wa tatu. Nataka kuwa wakili wa jinai lakini kaka yangu anasema nitakufa maskini. Siku yako inakuwaje?

Mwanangu, hutakuwa tajiri, na hutakufa njaa. Siku yangu huanza baada ya sala ya alfajiri kwa kusoma jalada, maana simu hazipigi saa hizo. Mchana nakwenda mahakamani, na kesi tano kati ya sita zitaahirishwa kwa sababu upelelezi haujakamilika. Jioni nakwenda kwa mahabusu. Sehemu kubwa ya kazi ni kusikiliza mtu mwenye khofu akizunguka na hadithi mpaka afike anapotaka kufika, na ukimkatisha hutaipata tena.

Soma vitatu kabla ya vyote: Sheria ya Ushahidi Na. 9 ya 2016, Sheria ya Adhabu Na. 6 ya 2018, na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Na. 7 ya 2018. Na usidhani uwakili wa Bara utakufungulia mlango hapa. Mahakama zetu zina daftari lao la mawakili, lazima uandikishwe huku. Halafu ukae na watu. Jua bei ya karafuu, jua saa za boti, jua maji yanajaa lini.

Wakili, nilimdhamini shemeji yangu kwa kesi ya kupiga. Sasa nasikia amepanda boti kwenda Dar na kesi ni Alhamisi. Mke wangu ananambia ninyamaze, ni kaka yake. Mkoani, Pemba.

Ndugu yangu, usinyamaze. Uliposaini pale uliahidi mambo mawili: kuwa atakuja, na kuwa asipokuja utalipa kiasi kilichoandikwa kwenye bondi. Asipotokea Alhamisi, mahakama itatoa hati ya kumkamata yeye na itakuita wewe ueleze kwa nini usilipe. Atakayekwenda mwenyewe kabla husikilizwa tofauti na atakayeletwa baada ya siku kupita.

Mpigie simu shemeji leo. Mwambie arudi na boti ya kesho, na kwamba kesi ya kupiga huenda ikamalizika kwa faini, ila kuikimbia dhamana kunaweza kumkosesha dhamana nyengine. Mwambie hayo mbele ya mke wako, kwa sauti kubwa, ili asikie kuwa unamuokoa kaka yake. Akikataa, asubuhi nenda mahakamani, muone karani, omba kujitoa udhamini, na upeleke nambari yake ya simu na mahali alipofikia. Chukua kitambulisho chako na nakala ya bondi. Kama huna nakala, omba karani akutolee kwenye jalada. Jina la mshtakiwa na tarehe ya kesi vinatosha.